Anahifadhi juzuu nzima lakini jedwali la 6 halikai: je, binti yangu ni mzembe?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni, Mombasa. Kila alfajiri napika mahamri na mbaazi za nazi nauza mbele ya nyumba. Nakuandikia kuhusu binti yangu wa pili. Ana miaka 11, yuko Gredi ya 5.

Kusoma hakumsumbui. Akishika kitabu cha hadithi hakiweki chini mpaka akimalize, kisha anakusimulia na sauti za wahusika wote. Madrasa amehifadhi Juzuu Amma yote na sasa ameanza Tabaraka, ustadhi wake anamsifu kwa kila mtu. Lakini hesabu, Mwalimu! Usiku tunakariri jedwali la 6 mpaka analisema lote. Asubuhi namuuliza 6 mara 4, ananitazama kama sijawahi kumfundisha. Ukimwambia 8 ongeza 5 anaficha vidole chini ya meza na kuanza upya: moja, mbili, tatu. Saa ya ukutani hawezi kuisoma. Nikimwacha kwenye meza ya biashara, mteja akitoa noti ya 200 kwa mahamri ya 70, ananiita nije. Mdogo wake wa Gredi ya 2 ndiye anayempigia chenji, na jambo hilo linamuumiza sana.

Kuna na hili, sijui kama ni kitu kimoja. Hatulii. Nikimtuma dukani vitu vitatu analeta kimoja, na siku nyingine anarudi mikono mitupu kwa sababu alikutana na paka njiani. Daftari, kalamu, sweta la shule, vyote vinapotea. Katika hesabu anaona alama ya kutoa, anajumlisha. Wiki hii anapata 7 kwa 10, wiki ijayo kwa hesabu zile zile anapata 1. Hapo ndipo mwalimu wake wa hesabu anaposema ni uzembe tu, akitaka anaweza. Humsimamisha ubaoni mbele ya wenzake mpaka apate jibu, na amewahi kumpiga rula kwenye vidole. Siku zenye hesabu mtoto huamka akilalamika tumbo.

Baba yake anasema tuisheni ndiyo dawa. Ilikuwa ya Jumamosi, sasa na ya jioni imeongezwa, na sioni tofauti ila machozi. Mama mkwe anaona ni kijicho, ameleta kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya aya, mtoto anywe. Mimi nina hofu yangu ya siri: akiwa na miaka 3 alilazwa kwa malaria kali, akashikwa na degedege na kupoteza fahamu usiku kucha. Je, ndiyo iliyomharibu akili? Binamu yangu aliye Nairobi ananiambia kuna kitu kinaitwa diskalkulia na kingine ADHD, na kwamba mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Mwakani ana KPSEA, ile tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6. Nimechanganyikiwa, sijui nianzie wapi.

Mama wa Likoni

*

Marahaba, mwanangu.

Kwa barua siwezi kumpima mtoto wala kumpa jina la hali aliyonayo. Hiyo ni kazi ya wataalamu watakaokaa naye, nami nitakueleza hapo chini uende wapi. Ila neno moja nitalisema sasa hivi bila kusubiri: mtoto mzembe haamki na maumivu ya tumbo kwa sababu ya hesabu. Anayeumwa tumbo ni yule anayejitahidi kila siku na kila siku anashindwa. Dalili ulizozitaja zinatosha kabisa kumfanya apimwe kwa hali zote mbili alizokutajia binamu yako.

Nianze na diskalkulia. Mwanasaikolojia Ladislav Košč wa Chekoslovakia aliielezea kwa kina mwaka 1974 kama tatizo la hesabu linalotokana na namna ubongo ulivyokua, kwa mtoto ambaye akili yake kwa mambo mengine ni nzima. Tangu wakati huo utafiti wa nchi nyingi umekuwa ukikadiria kwamba watoto kati ya 3 na 7 katika kila 100 wanayo. Kwa darasa la watoto 50, tegemea wawili au watatu. Kwa hiyo mwalimu wa binti yako huenda amewahi kufundisha wengi wa aina hii, akawaita wazembe wote.

Wengi wetu ukituwekea sarafu tatu mezani tunajua ni tatu bila kuhesabu. Macho yakishaona, akili imeshapata. Pia tunahisi haraka kwamba 9 ni kubwa kuliko 7, na kwamba 68 na 71 zimekaribiana. Sehemu ya ubongo iliyo juu kuelekea kisogoni, pande zote mbili za kichwa, hufanya kazi kubwa katika hisia hii ya wingi. Kwa mwenye diskalkulia hisia hiyo mara nyingi ni dhaifu. Namba kwake hubaki alama na majina, na hazimpi picha ya wingi. Ndiyo maana akiwa na miaka 11 bado anaanza na moja anapojumlisha 8 na 5: ile 8 hajaiona kama fungu lililokamilika ambalo anaweza kulishika na kuendelea kutoka hapo. Katika barua yako yote, hiyo ndiyo dalili iliyonishtua zaidi, kuliko hata chenji na saa.

Sasa suala la Qur'ani, kwa sababu najua ndilo linalotumiwa kumhukumu. "Anaweza kuhifadhi juzuu, anashindwaje na jedwali?" Mwambie anayeuliza hivyo afanye jaribio dogo. Amwombe binti yako aya ya 14 ya Surat an-Naba bila kuanza mwanzo. Huenda akasita, au akaisoma sura kimoyomoyo tangu juu mpaka afike. Aya hubebwa na mahadhi na mfuatano. Moja inaivuta nyingine. Jedwali la kuzidisha halina msaada huo. Tarakimu ni zile zile chache zinazorudi kila mara: 6 mara 4, 6 mara 8, 4 mara 8. Zinafanana, zinagongana kichwani, na mtoto asiyehisi wingi hana njia ya kuona kwamba jibu fulani haliwezi kuwa sahihi. Usiku alilisema jedwali kama wimbo. Asubuhi ukamwomba neno moja kutoka katikati ya wimbo. Wewe hukumfundisha vibaya, wala yeye hakudanganya alipolisema lote usiku.

Tena madrasa inatufunza jambo ambalo shule na tuisheni hazijaliona. Pale anasoma kwa sauti, mwili ukiyumba. Anapewa kipande kifupi. Ustadhi yuko mbele yake, akikosea anasahihishwa hapo hapo, na kesho yake anarudia kipande cha jana kabla ya kupewa kipya. Kwa mtoto mwenye akili inayorukaruka ni vigumu kubuni utaratibu mzuri kuliko huo. Tutaurudia.

ADHD ni hali ya upungufu wa umakini, na kwa wengine huambatana na kutotulia kwa mwili na kufanya mambo kabla ya kufikiri. Wataalamu hawaitambui kwa kuona utundu wa siku mbili. Wanataka dalili zilizodumu miezi sita au zaidi, zilizoanza kabla ya umri wa miaka 12, na zinazoonekana mahali pawili au zaidi. Wewe umeniandikia za nyumbani, za njiani kwenda dukani na za darasani. Kwa wasichana hali hii mara nyingi haina makelele: mtoto ameketi kitini lakini akili imetoka dirishani, kwa hiyo hakuna anayempeleka popote mpaka alama zianguke.

Hesabu inamwonea mtoto wa ADHD kuliko masomo mengi. Chukua 47 jumlisha 38. Inabidi akumbuke ni kujumlisha. Atafute 7 na 8 ni ngapi. Akishapata 15 aandike 5, abebe 1, na ile 1 aishike kichwani huku akitafuta 4 na 3. Yote hayo yanakaa kwenye sehemu ndogo ya kumbukumbu, ile inayoshikilia mambo kwa muda mfupi tu wakati akili inayafanyia kazi. Kwa mwenye ADHD sehemu hiyo mara nyingi ni finyu na inavuja. Mlango ukilia, ile 1 imepotea. Katika hadithi ukikosa neno moja sentensi inayofuata itakuokoa. Katika hesabu, hatua moja ikidondoka jibu lote limeharibika, na mwalimu anaweka alama nyekundu ya kosa bila kuona kwamba hatua nyingine zote zilikuwa sawa.

Na ile 7 kwa 10 wiki hii, 1 kwa 10 wiki ijayo? Mwalimu anaichukua kama ushahidi wa uzembe. Kwa yeyote anayeijua ADHD, kupanda na kushuka kwa namna hiyo ni miongoni mwa alama zake kubwa. Umakini wa mtoto huyu hauji kwa kuamrishwa. Hutegemea alilala vipi, amekula, darasa lina kelele kiasi gani, na anaogopa kiasi gani.

Binamu yako hakukosea: hali hizi mbili hutembea pamoja mara nyingi. Ruth Shalev na wenzake waliwapima watoto wa shule wa Jerusalem, wakachapisha matokeo mwaka 1996. Karibu robo ya waliokutwa na diskalkulia walikuwa pia na dalili za ADHD. Zikikutana kwa mtoto mmoja, kila moja huizidishia nyingine uzito. Asiyehisi wingi analazimika kutumia kumbukumbu kwa hesabu ambazo mwenzake anazijibu bila kufikiri, na kumbukumbu yenyewe ndiyo iliyopungua. Kisha unakuja woga. Woga nao hula kumbukumbu hiyo hiyo. Kwa hiyo anaposimamishwa ubaoni macho arobaini yakimtazama, ananyang'anywa hata kile kidogo alichokuwa nacho, halafu anaulizwa kwa nini hawezi.

Kabla ya kwenda popote nakuomba umchunguze mwenyewe, siku ameshiba na nyumba imetulia, ndugu zake wakiwa nje. Usimwambie ni mtihani. Mwulize ipi kubwa, 68 au 86. Weka sarafu nne chini ya kitambaa, funua, funika, mwulize ni ngapi. Mwoneshe sinia la mahamri akisie: ni kama 10, kama 50, au kama 100? Halafu mpe hesabu tano za darasani alizokosea, alama za kujumlisha na kutoa ukiwa umezipaka rangi, moja moja kwenye karatasi yake, bila kumharakisha. Makosa yatakayotoweka kwa sababu ya utulivu na rangi huenda ni ya umakini. Yatakayobaki hata hivyo huenda ni ya namba zenyewe. Andika ulichokiona, na tarehe. Maelezo hayo yatamsaidia mtaalamu kuliko ripoti za muhula zote ulizo nazo.

Umeniuliza kuhusu malaria, na naona hilo ndilo linalokukosesha usingizi. Sitakuficha. Watafiti wa Kilifi, jirani zenu hapo, na wa Kampala wameonesha kwamba malaria inayoingia kwenye ubongo inaweza kuwaachia baadhi ya watoto upungufu wa umakini, wa kumbukumbu au wa kujifunza, hata miaka baadaye. Yawezekana ilichangia kwa binti yako. Lakini hali zote mbili huwapata pia watoto ambao hawajawahi kulazwa hata siku moja, na zote mbili hurithiwa katika familia. Mwulize baba yake, kwa upole, hesabu zilimwendea vipi shuleni. Waulize na ndugu zako. Kuhusu "kuharibika akili", mtoto anayesoma kitabu mpaka mwisho na kuhifadhi Juzuu Amma akili yake ipo. Mweleze daktari habari ya degedege na kupoteza fahamu, kwa kuwa kuna aina ya kifafa ambacho mtoto haanguki. Hukodoa macho tu kwa sekunde chache, huku watu wakidhani anaota ndoto za mchana. Hicho kinatibika, na ni lazima kiondolewe shaka kabla ya kumwita mtoto ana ADHD.

Mama mkwe usigombane naye. Anampenda mjukuu wake, na dua haimzuii mtu kwenda kupimwa. Kitu kimoja tu mwombe kwa heshima: asiseme mbele ya mtoto kwamba ametupiwa kijicho. Mtoto ameshabebeshwa "mzembe" shuleni, hana nafasi ya mzigo wa pili.

Na mume wako, mwambie mimi nimesema tuisheni ya jioni ikome wiki hii. Najua anailipia kwa jasho, na ameilipia kwa mapenzi. Lakini kule anarudishiwa hesabu zile zile za Gredi ya 5, kwa kasi ile ile, akiwa amechoka, na pengo lake liko chini sana ya Gredi ya 5. Pesa hizo ziwekwe kwa nauli ya kwenda kupimwa. Hiyo ya Jumamosi ibaki tu ikiwa mwalimu wake yuko tayari kukaa naye peke yake na kuanzia kwenye wingi, yaani kwa vitu anavyoshika.

Nyumbani kwako una vifaa ambavyo shule nyingi hazina: mahamri na pesa za kweli. Dakika kumi kwa siku, si zaidi, na ziwe zile zile kila siku, labda kabla ya kuondoka shule au baada ya Alasiri. Fuata utaratibu wa madrasa: kipande kifupi, kwa sauti, sahihisha papo hapo, kesho anza na cha jana.

Anza kwa kupanga mahamri matano matano kwenye sinia, mafungu mawili yakae karibu yawe kumi. Kila siku mpangilio uwe huo huo mpaka akiona tu anajua: hapa kuna tano, hapa kumi, hapa kumi na tatu. Usimruhusu kuhesabu moja moja yaliyokwisha kupangwa. Mwulize ni mafungu mangapi na yamebaki mangapi. Akitaja ishirini na tatu, mfanye aseme pia "kumi mbili na tatu"; thelathini na sita, "kumi tatu na sita". Jina ishirini halimwoneshi kwamba ndani yake kuna kumi mara mbili, na Kiingereza cha shule nacho kina vikwazo vyake. Akisema kwa makumi huku anayashika, wingi unaanza kuonekana.

Vidole avitumie. Visifichwe chini ya meza, viwe juu. Ila badilisha namna: aweke kiganja kifuani kama ndiyo 8, aseme "nane" mara moja, kisha ainue vidole vitano kimoja kimoja, tisa, kumi, kumi na moja... Akizoea, mfundishe kujaza kumi kwanza: 8 inataka 2 iwe kumi, katika 5 zimebaki 3, basi kumi na tatu. Hatua hii huchukua muda mrefu kwa watoto wa aina hii. Usiiruke kwa sababu ya aibu kwamba ni ya watoto wadogo, kila kitu kingine kinasimama juu yake.

Chenji isifanywe kwa kutoa. Kutoa 70 kwenye 200 kuna kukopa, na kukopa ndiko kunakompoteza. Afanye kama wauzaji wa siku zote sokoni, kwa kupanda: mteja amenunua ya 70, weka sarafu ya 10 mkononi, imefika 80, weka ya 20, imefika 100, weka noti ya 100, imefika 200. Kilicho mkononi ndiyo chenji, hata asijue kwamba ni 130 mpaka aihesabu. Mwanzo mcheze nyumbani wewe ukiwa mteja, tena mteja mwenye subira. Kwenye meza ya biashara asirudi mpaka awe ameshazoea, na yule mdogo wake asimsaidie tena mbele ya watu. Akiwa na shaka atumie kikokotoo cha simu. Watu wazima tunakitumia kila siku wala hatuoni haya.

Jedwali la kuzidisha: abaki na ya 2, ya 5 na ya 10 mpaka yakae. Ya 6 ayatoe humo. 6 mara 4 ni 5 mara 4, ambayo ni 20, na 4 moja zaidi, 24. 6 mara 8 ni 40 na 8. Hivyo ana kitu cha kushika badala ya wimbo unaokatika. Jedwali lenyewe libandikwe ndani ya jalada la daftari lake na aruhusiwe kulitazama.

Michezo nayo ni somo. Robert Siegler na Geetha Ramani wa Marekani walionesha mwaka 2008 kwamba watoto wadogo waliocheza kwa muda mfupi tu mchezo wa ubao wenye namba zilizopangwa kwa mstari walipata maendeleo katika kuelewa ukubwa wa namba. Nyoka na ngazi unafaa, na ahesabu kwa sauti kutoka alipo (akiwa kwenye 34 na dadu ni 3, aseme 35, 36, 37). Dhumna pia, zile wazee wanazogonga barazani, kwa kuwa nukta zake zimekaa kwa mpangilio usiobadilika na jicho linazizoea haraka. Kuhusu saa, lifunge jambo hilo kwa sasa. Mtoto huyu anaona mshale kwenye 8, anasikia nyumbani saa mbili, shuleni wanasema nane kwa Kiingereza. Akishatulia na makumi, mfundishe mshale mfupi peke yake, kwa saa ya nyumbani, baadaye sana mrefu.

Sasa shule. Rula ya vidole ni kosa mbele ya sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuadhibiwa kwa kumtesa au kumdhalilisha, kimwili na kisaikolojia, na kumsimamisha mtoto ubaoni mpaka alie ni udhalilishaji. Hata hivyo nenda kwanza kwa mwalimu wa darasa, uende na daftari la maelezo yako. Kisha mwalimu mkuu ikiwa hakuna kilichobadilika. Omba mambo machache yanayowezekana: akae mbele, mbali na mlango. Atumie daftari la viboksi, tarakimu moja kwenye kila kiboksi, ili makumi na mamoja yasihame safu. Apewe hesabu tano wakati wengine wanafanya kumi, maana tano zake zina jasho la kumi. Asiitwe ubaoni asipojitolea. Na njia ikiwa sahihi, apate alama ya njia hata jibu likiwa limeteleza. Mwalimu asiyetaka kufanya lolote kati ya hayo kwa mtoto mmoja, mwalimu mkuu anayo haki ya kumwuliza sababu.

Kupimwa anza hospitalini, macho na masikio kwanza, kisha daktari wa watoto katika hospitali ya rufaa ya Pwani kwa habari ya degedege na umakini. Sambamba na hilo, uliza kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako kituo cha EARC kiko wapi. Hivi ni vituo vya serikali vya kutathmini mahitaji ya watoto katika elimu. Vilianza Kenya mwaka 1984 na watu wengi bado hudhani ni vya watoto wasioona au wasiosikia tu. Kama kituo chenu hakina mtu wa kupima matatizo ya kujifunza hesabu, waombe barua ya kukupeleka kwenye Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, na hapo binamu yako atakufaa kwa malazi.

Daktari akithibitisha ADHD anaweza kuzungumzia dawa. Usizikatae kwa kusikia maneno ya jirani, wala usizitafute mwenyewe dukani. Zipo dawa zinazosaidia umakini kwa watoto wengi, kwa uangalizi. Lakini jua mapema kwamba dawa haifundishi namba. Itamsaidia kuona ile alama ya kutoa, itampa utulivu wa kumaliza hatua zote. Hisia ya wingi itabaki kujengwa kwa mahamri na dhumna, taratibu. Ninaowajua waliokua na diskalkulia bado hutumia kikokotoo ukubwani, na kwa wengi mambo ya kila siku, chenji, nauli, vipimo, yanafundishika.

KPSEA isikukoseshe usingizi. Haikuwekwa kumzuia mtoto kuingia Gredi ya 7. Baraza la mitihani, KNEC, lina utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ukiwemo wa kuongezewa muda, lakini shule ndiyo inayopeleka taarifa zake, nayo itahitaji kuwa na ripoti ya tathmini mkononi. Kwa hiyo usingoje mwakani ufike.

Na umwambie binti yako mwenyewe, leo, mkiwa wawili. Mwambie kuna watoto wengi ambao ubongo wao unazishika namba kwa shida, kwamba huenda yeye ni mmoja wao, na kwamba mtaenda pamoja kuuliza. Mwambie tuisheni ya jioni imeisha. Mwulize ni kitu gani darasani kinachomwogopesha zaidi, usikilize bila kumkatiza, na hilo atakalokutajia ndilo liwe la kwanza kwenye orodha utakayopeleka kwa mwalimu.

Ukishafika EARC niandikie walichokuambia. Wakikupa tarehe ya mbali, niandikie pia, nikueleze namna ya kuwafuatilia.